Kiongozi Anayeweza Kuambiwa Geuka Nyuma

Kuna neno moja kwenye Talmudi, ule mkusanyiko wa mijadala ya marabi wa Kiyahudi, kitabu cha Yoma, ambalo ukiwasomea watu wa kamati za uteuzi watakuona umechanganyikiwa. Rabi Yohanan, akimnukuu Shimon ben Yehotzadak, anasema usimweke mtu kuwa kiongozi wa jamii mpaka awe na kapu la wadudu watambaao linaning'inia mgongoni kwake, ili siku akianza kuvimba kichwa wamwambie hebu geuka, angalia nyuma yako. Kapu lenyewe ni madoa ya ukoo, zile habari ambazo kwenye sherehe hazitajwi. Na ukurasa huohuo unauliza kwa nini ufalme wa Sauli haukudumu, jibu eti ni kwa sababu haukuwa na doa lolote. Daudi alikuwa nalo, mama wa babu yake ni Ruthu Mmoabi, mtu wa taifa ambalo Torati ilikuwa imeshasema lisiingie kwenye mkutano wa Bwana, na huyo ndo aliyedumu.

Mi kila nikirudi kwenye hiyo sehemu nacheka, halafu naacha kucheka. Maana wengi wetu tunataka kiongozi msafi, tunamsugua mpaka ang'ae, tukishamaliza kumsugua tunashangaa mbona hasikii la mtu. Hawa marabi wameangalia upande mwingine kabisa. Hawajiulizi sana huyu bwana ni mtakatifu kiasi gani, wanajiuliza akiharibu nani atamwambia, na akiambiwa atakaa asikilize au ataita askari. Na ukizidi kuchimba unakuta kitu cha ajabu zaidi, kwamba hii tabia wameitoa juu, kwa Mungu mwenyewe, ambaye kwenye maandiko yao anabishiwa uso kwa uso na hakasiriki, saa ingine anakubali.

Tuanze na mfalme kwanza. Kumbukumbu la Torati sura ya 17 inasema mkifika kwenye nchi mkataka mfalme, sawa, lakini asijiongezee farasi, asijiongezee wake, asijirundikie fedha na dhahabu. Yaani jeshi, nyumba na hazina, vitu vitatu ambavyo mfalme yeyote wa zamani ndo alikuwa anavitafuta. Halafu akikaa kwenye kiti chake aandike nakala ya Torati iwe yake, aisome siku zote za maisha yake, ili moyo wake usiinuke juu ya ndugu zake. Ndugu zake, wameandika hivyo, hawakuandika raia zake. Kazi pekee ambayo sura ile inampa mfalme kufanya ni kuandika na kusoma, mambo mengine yote ni makatazo tu, asifanye hiki asifanye kile.

Suleimani akaja akavunja yote matatu. Wake 700, masuria 300, farasi kutoka Misri, dhahabu mpaka fedha ikawa haina thamani mjini. Talmudi ina maelezo yake ambayo mi nayapenda sana, inasema sheria nyingi za Torati hazijaelezwa sababu, na hizi za mfalme zilielezwa, usiongeze wake moyo wako usije ukageuka, na palepale mwenye akili kuliko wote akajikwaa, akasema mimi nitaongeza na sitageuka. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi mwenye akili nyingi anaijua hiyo sauti. Mtu akishaelewa sheria imewekwa kwa ajili gani anaona hatari ile ni ya wengine wenye vichwa vidogo, yeye ataimudu.

Kabla yake kuna Samweli, ile sura ya 8, wazee wamekuja wanataka mfalme kama mataifa mengine, naye anawasomea bili: atachukua wana wenu awaweke kwenye magari yake ya vita, atachukua binti zenu wawe wapishi, mashamba yenu mazuri atawapa watu wake, na fungu la kumi juu yake. Watu wakasema hapana, tunataka tu. Na Mungu anamwambia Samweli wasikilize, hawakukukataa wewe, wamenikataa mimi. Sasa hapo marabi waligawanyika na hawajawahi kurudi pamoja. Rabi Yehuda anasema kuweka mfalme ni amri, ilikuwa lazima wakifika nchini. Rabi Nehorai anasema wapi, sura ile imewekwa kwa sababu tu Mungu alijua watanung'unika. Karne ya 12 Maimonides akasimama na Yehuda, kwenye kitabu chake cha sheria ufalme ni amri, ameupangia na taratibu zote. Karibu miaka 300 baadaye akaja Isaac Abravanel akasema ufalme hauna ulazima wowote, watu wanaweza kuongozwa na viongozi wengi wa muda maalum, kipindi kikiisha wanapisha na kukaguliwa. Na huyu hakuwa mtu wa maktaba tu, alikuwa mtu wa fedha kwenye ikulu za wafalme, Ureno kisha Hispania kwa Ferdinand na Isabella, na mwaka 1492 hao hao aliowatumikia wakawafukuza Wayahudi wote, yeye akiwemo ndani ya msafara. Sisemi mawazo yake yalitoka kwenye uchungu peke yake, alikuwa na hoja za maandiko, ila alikuwa amewaona wafalme wakiwa na taulo.

Haya, turudi juu. Kwa nini watu wa dini, tena dini ya Mungu mmoja mwenye enzi yote, wawe na wasiwasi hivi na mamlaka? Ungetegemea kinyume, Mungu juu amri, mfalme chini amri, wananchi itikieni. Jibu naliona kwenye Mwanzo 18. Mungu anataka kuangamiza Sodoma, kwanza anajiuliza je nimfiche Ibrahimu jambo hili? Anamwambia. Na Ibrahimu badala ya kuinama anaanza kupatana bei, wakiwepo wenye haki 50 je, 45, 40, anashuka mpaka 10, na katikati anamtupia neno ambalo ukimwambia mkuu wa wilaya hulali nyumbani: Mwamuzi wa dunia yote hatatenda haki? Mungu hamwambii nyamaza. Anajibu kila bei. Sodoma iliungua, ndiyo, lakini iliungua baada ya kusikilizwa.

Musa alikwenda mbali zaidi. Baada ya ndama wa dhahabu anamwambia Mungu wasamehe, la sivyo nifute kwenye kitabu chako, na Talmudi inaongeza kwamba alimshika Mungu kama mtu anavyomshika mwenzake nguo, akasema sikuachii mpaka uwasamehe. Kuna na ile ya Bezaleli, fundi wa hema. Kutoka 35 inasema Mungu amemwita kwa jina, kesi imefungwa si ndiyo? Marabi hawakuridhika. Wakasimulia kwamba Mungu alimuuliza kwanza Musa, Bezaleli anakufaa? Musa akasema Bwana, akikufaa wewe atanishinda mimi? Mungu akamwambia hata hivyo, nenda kawaulize watu. Musa akaenda akawauliza. Ndo wakatoa hapo sheria kwamba kiongozi haweki mtu juu ya jamii mpaka jamii iulizwe. Hii stori haipo kwenye Torati, wameiongeza wenyewe, na hapo ndipo unapoona walikuwa wanataka nini. Walikuwa wanataka Mungu anayeuliza.

Msomaji Muislamu au Mkristo hapa anaweza kuona tumevuka mpaka, na sitamlaumu, kwetu wengi adabu mbele ya Mungu ni kunyenyekea. Na wao wananyenyekea, mwaka mzima sala zao zinamwita Mfalme, siku ya Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, wanaanguka kifudifudi. Ila kwao agano la Sinai ni makubaliano ya pande mbili, na upande ulioweka sahihi una haki ya kuuliza. Kuna hata rabi anasema mlima ule ulining'inizwa juu ya vichwa vyao kama pipa, mkikubali sawa, mkikataa hapa ndo kaburi lenu, na mwenzake anajibu basi hapo kuna utetezi mkubwa dhidi ya Torati yenyewe, maana mkataba wa kulazimishwa si mkataba. Wakalimaliza kwa kusema waliikubali tena kwa hiari wakati wa Ahasuero, zama za Esta. Fikiria, mtu wa dini anauliza kama amri za Mungu zinasimama kisheria, na swali limehifadhiwa ndani ya kitabu kitakatifu, halikufutwa.

Wengi wanaijua ile ya tanuri la Akhnai kwa hiyo sitaikawiza. Rabi Eliezer anabishana na wenzake kama tanuri fulani linashika unajisi, hoja zimeisha, analeta miujiza: mti unang'oka, maji yanarudi nyuma, kuta zinainama, mwisho sauti toka mbinguni inasema sheria iko na Eliezer. Rabi Yehoshua anasimama kwa miguu yake anasema haiko mbinguni. Wingi wa wanazuoni ndo unaamua. Na Mungu siku ile, anasimulia nabii Eliya, alicheka akasema wanangu wamenishinda. Watu huwa wanafunga kitabu hapo, wanapiga makofi, oh uhuru wa akili, oh demokrasia.

Mi nasema endelea ukurasa unaofuata. Baada ya ushindi walichoma vyote ambavyo Eliezer alikuwa amevitangaza safi, wakampigia kura wakamtenga. Wakaulizana nani aende kumwambia, Rabi Akiva akajitolea, akavaa nguo nyeusi, akakaa mbali naye dhiraa nne. Eliezer akauliza leo kuna nini tofauti, Akiva akajibu bwana wangu, naona kama wenzako wamejitenga nawe. Hakumwambia tumekutenga. Mzee akachana nguo zake, akavua viatu, akakaa chini, machozi yakamtoka. Mke wake Ima Shalom, ambaye ni dada wa Rabban Gamliel, yaani dada wa mkuu wa waliomtenga mume, tangu siku ile akawa hamwachi aanguke kifudifudi kuomba ile sala ya mtu binafsi, kwa sababu anajua akilia mbele ya Mungu na uchungu ule kaka yake hatapona. Siku moja akapitiwa, wengine wanasema alikosea tarehe ya mwezi mwandamo, wengine wanasema alikwenda kumpa maskini mkate mlangoni. Kurudi anamkuta mume yuko chini. Akamwambia inuka, umeshamuua kaka yangu. Na palepale tangazo likatoka nyumbani kwa Gamliel kwamba amefariki.

Kwa hiyo ukisema Wayahudi wametatua tatizo la mamlaka kwa kura ya wengi, Talmudi yenyewe inakukatalia. Wengi walikuwa sahihi kisheria na wakamdhulumu mtu, tena Mungu aliyecheka akishindwa kwenye hoja ndiye aliyesikia machozi ya yule aliyeshindwa. Hiyo mizani mi sijaiona ikichorwa vizuri hivyo sehemu nyingine.

Saa ingine hata utaratibu hausaidii kitu. Mtumwa wa mfalme Yannai aliua mtu, Shimon ben Shetach akawaambia wenzake mahakamani kazeni macho, tumhukumu. Wakamwita mtumwa, wakamwita na mfalme, akaja akakaa. Shimon akamwambia simama kwa miguu yako, husimami mbele yetu, unasimama mbele ya aliyesema na ulimwengu ukawa. Yannai akajibu sitafanya unavyosema wewe, nitafanya watakavyosema wenzako. Shimon akageuka kulia, mahakimu wanaangalia chini. Akageuka kushoto, wanaangalia chini. Stori inaendelea kwamba malaika Gabrieli alishuka akawapiga wale mahakimu wakafa, na ndipo ikatungwa sheria kwamba mfalme hahukumu na hahukumiwi, ikimaanisha wafalme wasio wa nyumba ya Daudi. Angalia malaika alimpiga nani. Mfalme hakuguswa. Waliokufa ni waliokuwa na nafasi ya kusema wakatazama sakafu. Na ile sheria iliyofuata mi naisoma kama kukata tamaa, mahakama imejua haina ubavu ikaandika udhaifu wake kwenye kanuni.

Kwetu huku Afrika Mashariki kuna mtu anaingia vizuri kwenye habari hii, Semei Kakungulu wa Uganda. Jenerali Mganda aliyewapigania Waingereza kuteka mashariki ya nchi akitegemea atawekwa mfalme kule, hawakumpa. Akajitenga nao, akahamia kwenye Biblia, akasoma mwenyewe mpaka mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na watoto wake akaamua kufuata dini ya Musa, na jamii ya Abayudaya karibu na Mbale ndo ilianzia hapo. Alikufa 1928. Idi Amin akaja kuwapiga marufuku miaka ya 70, wakapungua sana, wakaomba kwa siri, hawakuisha. Jamaa alitafuta kiti akakikosa, akaishia kufanya lile ambalo Torati inamwagiza mfalme, kukaa na kitabu kila siku. Kusema kweli sijui kama yeye mwenyewe aliwahi kuliona hivyo.

Sasa niwape ile ambayo kwangu ndo kiini, kuondolewa madarakani kwa Rabban Gamliel yuleyule, akiwa bado hai, Talmudi kitabu cha Berakhot. Ni kwenye mji wa Yavne, miaka kadhaa baada ya Warumi kubomoa Hekalu mwaka 70. Hakuna mfalme, hakuna kuhani kazini, kilichobaki ni nyumba ya masomo na Gamliel ndo mkuu wake. Na si mtu mbaya, hilo tuelewane, jamii imevunjika vipande yeye anajaribu kuishika isigawanyike. Ila anaishika kwa kukaba. Kila asubuhi kuna bawabu mlangoni, mwanafunzi ambaye ndani yake hakufanani na nje yake haingii. Mwaka mmoja nyuma alishabishana na Rabi Yehoshua kuhusu tarehe ya mwezi, akamwamuru aje kwake na fimbo na pesa mkononi siku ile ambayo kwa hesabu ya Yehoshua ni Yom Kippur, siku isiyoruhusiwa kubeba vitu hivyo. Akaja. Ikatokea na ya pili.

Ya tatu inaanza na swali dogo tu, sala ya usiku ni lazima au hiari. Yehoshua alishamjibu mwanafunzi kwamba ni hiari. Mwanafunzi akampelekea Gamliel, Gamliel akasema ni lazima, subiri wenye ngao waingie, yaani wanazuoni. Wakaingia, akauliza kuna anayepinga? Yehoshua akasema hakuna. Gamliel akamwambia mbona nimeambiwa umesema hiari, simama wakushuhudie. Akasimama. Gamliel akakaa akaendelea kufundisha kana kwamba hakuna kitu, na mzee yule amesimama tu, dakika zinakwenda, mpaka watu wakaanza kunung'unika wakamwambia Hutzpit, yule anayepaza sauti somo lisikike, acha! Akanyamaza. Mapinduzi yenyewe yalikuwa hayo, walizima spika.

Wakasema mwaka jana alimuumiza, juzi kwenye kesi ya Tzadok ya mzaliwa wa kwanza wa mnyama akamuumiza, leo tena. Tumtoe. Wamweke nani? Yehoshua hapana, ana kesi naye. Akiva hapana, hana ukoo wa kumkinga. Wakamwendea Elazar ben Azarya, ana elimu, ana mali, ni kizazi cha kumi kutoka kwa Ezra. Akasema nikaongee na mke wangu. Mke akamwambia watakuja kukutoa na wewe. Akasema mtu atumie kikombe cha thamani siku moja hata kama kesho kitavunjika. Mke akasema huna mvi hata moja, alikuwa na miaka 18, na siku ile ndevu zake zikaota mistari 18 ya mvi. Mi yule mama ndo namwona peke yake aliyefikiri vizuri asubuhi ile.

Siku ile bawabu akaondolewa, mabenchi yakaongezwa, wengine wanasema 400 wengine 700, na hakuna swali lililokuwa limekwama ambalo halikujibiwa. Na Gamliel? Hakukosa darasa hata saa moja. Alikaa kwenye benchi kama wengine, akabishana na Yehoshua juu ya Mwamoni aliyetaka kuingia jamii, akashindwa, Mwamoni akapokelewa. Ndipo akasema niende nikamwombe radhi. Kufika kwa Yehoshua anaona kuta za nyumba zimejaa masizi, akasema kwa kuta zako inaonekana wewe ni mchoma makaa. Yehoshua akamjibu ole wao kizazi ambacho wewe ndo msimamizi wake, hujui shida za wanazuoni, wanaishije na wanakula nini. Miaka yote wamekaa chumba kimoja wanabishana juu ya sala, hakuwahi kujua mwenzake anakula kwa mkaa.

Akaomba radhi, Yehoshua akanyamaza. Akasema basi fanya kwa heshima ya baba yangu, hapo akalainika. Na aliyedhalilishwa ndo akapeleka ujumbe arudishwe. Akiva kusikia akasema fungeni milango, watumwa wa Gamliel wasije wakawasumbua marabi. Alikuwa anamjua mtu na watu wake. Ikabidi Yehoshua aje mwenyewe kugonga, Akiva akamwambia umeridhika? Yote tulifanya kwa ajili ya heshima yako tu, kesho mimi na wewe tutadamka tuende mlangoni kwake. Hapo ndo mi nabishana na Akiva, kwa sababu kama ilikuwa ni heshima ya mtu mmoja tu, yale mabenchi 400 yalikuwa ya nini.

Wakakaa wakapiga hesabu. Kumtoa kijana kabisa hawawezi, maana mtu akishapandishwa kwenye jambo takatifu hashushwi. Kuwapokezana nusu kwa nusu italeta wivu. Wakaamua Gamliel afundishe wiki tatu, Elazar wiki moja, na tangu hapo ukienda kuuliza jambo jipya lililosemwa pale unaulizwa kwanza, ilikuwa Sabato ya nani. Mambo ya bawabu kurudi mlangoni hayajaandikwa.